Firigisi ya Watu wa Gari Jeupe

Jumanne, 6 Mei

Nimembeba Bibi mgongoni tena hadi barabarani. Mteremko wote, ukungu mpaka puani. Mwingine angepumzika njiani. Mimi sijapumzika. Hapa Nyololo hakuna mpakiaji wa mbao mwenye mgongo kama wangu, na hilo silisemi mimi, malori ndiyo yanasema.

Basi la kwanza limepita kama halijatuona. La pili limesimama. Konda kashuka, kanusa, kauangalia mguu wa Bibi uliofungwa vitambaa. Akasema abiria watalalamika harufu. Nikamwambia mbona wewe mdomo wako unanuka na abiria wanavumilia. Basi likaondoka. Bibi akanizaba kofi la kisogo nikiwa bado nimembeba. Anasema sina adabu. Sawa. Adabu haijatufikisha Mbeya.

Halafu likaja gari jeupe la mradi. Lile la kubeba wagonjwa wasiojiweza, linatoka Mafinga kila Jumanne, linawapeleka hospitali kubwa Mbeya na jioni linawarudisha. Bure. Likasimama palepale tulipo. Mzee mmoja akaonyesha kadi, akapanda. Ndani kuna viti vitupu. Nimeviona kwa macho yangu haya. Dereva akaniuliza kadi ya bibi iko wapi. Hatuna. Akasema, "Pole mama, si mimi, ni utaratibu." Mlango ukafungwa.

Tumerudi nyumbani. Kliniki ndiyo imepita hivyo. Nimepasua kuni nyingi kuliko zinazohitajika.

Jumatano, 7 Mei

Bibi ana sukari. Kidonda kiko unyayo wa kushoto, chini ya kidole gumba. Kilianza kwa kokoto shambani, akaona ni kitu kidogo, akakipaka majani. Sasa naweza kuingiza kifundo cha kidole changu. Daktari wa Mbeya alisema kisafishwe kule kila wiki, na akikosakosa, mguu utaondoka. Alisema hivyohivyo, utaondoka. Kama vile mguu una nauli yake.

Nimekwenda kwa mtendaji wa kijiji. Kaandika jina. Kasema watakuja watu wa ustawi wa jamii kukagua nyumba, kuona kama kweli hajiwezi. Nikamwambia waje hata leo. Watakuta nini? Bibi amezika watoto wake wote, mama yangu akiwa wa mwisho. Ana chumba na sebule. Ana kuku watatu: mweusi, mwekundu na kishingo. Na ana mimi. Mali inaishia hapo.

Shule niliacha kidato cha pili. Tuseme tuliachana, kila mmoja alikuwa amemchoka mwenzake. Mwalimu wa Kiswahili alisema nina mwandiko wa kuku. Basi kuku anaandika, na hakuna wa kumchapa.

Jumapili, 18 Mei

Wanakuja Alhamisi. Mtendaji kanidokeza baada ya ibada, mbele ya Bibi. Kosa lake. Toka hapo nyumba haina amani.

Bibi kaagiza nipake ukuta chokaa ya udongo mweupe. Kaagiza nifagie hadi njia ya jirani. Kamtuma mtu kwa Mama Tumaini, jirani yetu mwenye duka la vitenge, aazimwe makochi. Makochi! Na vitambaa vyake vya kufumia. Na chupa kubwa ya chai, ile yenye maua.

Nikamwambia Bibi, hawa wanakuja kutazama umaskini. Tuuache ulivyo, tena tuutoe mbele kidogo. Nipo tayari hata kutoboa bati.

Akaniangalia kama nimetukana. "Mume wangu," akasema, "serikali inakuja kwangu mara ya kwanza tangu nizaliwe, unataka ikae kwenye ndoo?"

Ananiita mume wake kwa utani wetu wa bibi na mjukuu. Mimi namwita mke mzee. Leo utani haukunichekesha.

Alhamisi, 22 Mei

Wamekuja wawili. Dada mmoja wa ustawi, mdogo tu, sweta zuri, viatu vimeshaharibika kwa tope letu. Na kaka wa kuandika kwenye simu kubwa. Bibi kawapokea ameketi kwenye kochi la Mama Tumaini kama mke wa mchungaji. Kamwene, kamwene, habari za huko, poleni na baridi. Mguu kauficha chini ya kitenge kipya. Kitenge nacho cha Mama Tumaini.

Wakauliza anakula mara ngapi kwa siku. Bibi akasema, "Tunakula vizuri, Mungu anatupa." Uongo. Kuna siku tunakunywa uji na kulala. Wakauliza kama analala njaa. Akacheka. Kwetu mtu halii njaa mbele ya mgeni. Ukilia njaa mbele ya mgeni, umemwambia aondoke.

Wakati huo kuku mweusi yuko jikoni, ndani ya sufuria. Nilimchinja mwenyewe alfajiri, kwa amri.

Chakula kikaja. Ugali, kuku, mboga ya maboga yenye karanga. Ukafika wakati wa firigisi. Kwetu firigisi ni ya mgeni mkubwa, mwanaume. Hata mimi niliyekulia humu nimeionja kwa kudokoa tu. Bibi kaitazama, katazama wageni. Yule kaka ni mwanaume, lakini mkubwa wake ni dada. Bibi akaiweka kwenye sahani ya dada. Akasema serikali ni serikali hata ikivaa sketi. Dada kacheka hadi machozi. Kaila.

Halafu akauliza nani anamsaidia Bibi kutembea. Hapo nikajitokeza. Wacha niseme ukweli, nilijisikia. Nilimnyanyua Bibi kochini kwa mkono mmoja, nikamzungusha, nikamrudisha kama mtoto mchanga. Nikawaambia hapa kuna mashine, mbao za futi kumi na nane nabeba peke yangu. Kaka wa simu akasema, "Duh, mwana uko vizuri." Akabonyeza kitu kwenye simu.

Wameondoka wameshiba. Bibi ana furaha kama ameozesha. Anasema watu wazuri sana, kadi itatoka.

Na mimi nimeamini. Nimelala kwenye kochi kabla halijarudishwa.

Jumatatu, 2 Juni

Hastahili.

Mtendaji kanisomea. Kaya ina uwezo wa wastani. Samani nzuri, chakula cha kutosha, msaidizi mwenye nguvu. Msaidizi ndiyo mimi. Nimeandikwa serikalini kwa mara ya kwanza maishani na nimeandikwa kama sababu.

Nimemgombeza Bibi. Nimesema maneno. Nimesema tumekula kuku, na kuku naye katula. Nimesema mguu wako umeuhonga kwa sahani ya ugali. Kajifunika, kageukia ukutani, ule ukuta mweupe niliopaka mwenyewe.

Najua na mimi nilionyesha misuli. Najua. Lakini nimemgombeza yeye.

Jumanne, 3 Juni

Leo tumefika Mbeya. Si kwa basi. Nilimwomba utingo wa lori la mbao, jamaa yangu, tukakaa mbele na dereva. Bibi katikati, mguu juu ya dashibodi. Dereva kafungua vioo vyote baridi yote ile na hakusema neno. Mungu ambariki yule mtu.

Daktari kasafisha. Kauliza wiki zote hizi mlikuwa wapi. Nikasema tulikuwa tunapokea wageni. Hakuelewa.

Lori haliendi Mbeya kila Jumanne. Likiwepo, tupo. Lisipokuwepo, tunachungulia barabara na gari jeupe linatupita na viti vyake.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekwenda Iringa mwenyewe, kwenye ofisi ya mradi. Juu ya mbao, nimejifunga kamba, upepo umenikausha midomo. Mji uko juu kileleni, utadhani umekimbia watu wenye shida.

Ukutani wamebandika utaratibu. Nimesoma wote nikisubiri foleni. Mwalimu wangu angeshangaa. Kifungu kimoja kinasema mzee mwenye msaidizi mwenye nguvu nyumbani hastahili. Chini yake, kwenye masharti ya kupanda gari, kinasema kila mgonjwa lazima aje na msindikizaji mwenye nguvu, la sivyo hapandi.

Nikarudia kusoma. Nikadhani ni mimi na kidato cha pili changu.

Nilipofika dirishani nikamuuliza yule baba wa pale, mpole, anakula karanga. Nikasema mzee wangu, mwenye mtu wa nguvu hastahili, asiye na mtu wa nguvu hapandi. Sasa nani anapanda? Akacheka. Akasema wewe kijana ungekuwa wakili. Akanieleza taratibu: msindikizaji anaweza kuwa jirani, ndugu wa mbali, mtu wa kanisani, ilmradi asiwe wa kaya ileile. Na tena watu wenye ulemavu wa kudumu wana dirisha lao. Wao hawakaguliwi nyumba, wanapewa moja kwa moja.

Nikasema Bibi hatembei. Akasema kidonda ni ugonjwa, kijana, si ulemavu.

Hakusema kwa ubaya. Akanipa karanga. Nimezitupa nje, halafu nikajuta, nilikuwa na njaa.

Ila kaniachia kitu kimoja. Kaya ikibadilika, inakaguliwa upya. Mfano msaidizi akihama.

Nimewaza njia nzima juu ya mbao. Msaidizi akihama.

Jumapili, 15 Juni

Nimemwambia Bibi nahama. Naenda Madibira kwenye mavuno ya mpunga, ninakuwa mtu wa huko. Mtendaji ataandika kwamba anaishi peke yake. Mama Tumaini kakubali kuwa msindikizaji, na kumpikia, na kumfunga kidonda. Wakija kukagua, hakuna kochi, hakuna kuku. Aseme mjukuu kaniacha. Basi, maneno mawili tu. Nimemfundisha kama wimbo wa shule ya Jumapili.

Kakataa kurudia. Nikasema sema mke mzee. Akasema mdomo wake hauna maneno hayo.

Nikamuuliza unataka mguu au unataka sifa? Akasema nikoke moto.

Nimefungasha. Koti langu la kanisani nimeliacha msumarini, Madibira ni joto.

Jumanne, 24 Juni

Madibira. Mbu wakubwa, jua kali, tope la majaruba limekauka na kupasuka kama kisigino. Nabeba magunia ya mpunga kutoka shambani hadi kwenye trekta. Wenyeji Wasangu walinicheka siku ya kwanza, wakaniita mtoto wa baridi. Sasa hawacheki. Wamenipa jina Greda. Nilijipa mwenyewe, lakini wanalitumia.

Usiku sisikii kikohozi cha Bibi ukutani. Silali vizuri. Sitamwambia mtu.

Mama Tumaini kapiga simu. Lori halijapita Jumanne mbili. Yeye hawezi kumbeba Bibi hadi barabarani, na vijana wa pale niliowapanga wamemwambia kesho, kesho. Kwa hiyo kliniki mbili zimepita. Harufu imebadilika, anasema. Akaja kwenye habari nzuri: wakaguzi wanakuja Alhamisi.

Nimemwambia ampe Bibi simu. Nikamwambia, Bibi, Alhamisi, maneno mawili. Akaniuliza kama nakula mboga za majani huku. Nikasema maneno mawili, Bibi. Akasema, "Jifunike, mbu hao wana malaria." Akakata. Au salio la Mama Tumaini liliisha.

Ijumaa, 27 Juni

Mama Tumaini kanisimulia yote. Nimeketi juu ya gunia, nimesikiliza, nimesimama, nimekaa tena.

Walikuja walewale, dada na kaka wa simu. Kochi hakuna, Mama Tumaini alikataa kuazimisha, alishika ahadi. Nyumba ilikuwa tupu vizuri kabisa. Mahali pa kukaa, ndoo. Kila kitu kama nilivyopanga.

Bibi akatambaa. Alitambaa kwa magoti hadi kibandani, akamkamata kuku mwekundu, akamchinja mwenyewe kwa kisu cha mboga. Mama Tumaini alipofika manyoya yalikuwa yamejaa mlangoni. Akasema, "Mama, tulikubaliana nini?" Bibi akasema wale watoto wametoka mbali na baridi hii.

Wakala. Dada kapewa firigisi tena. Alijaribu kukataa, Mama Tumaini anasema aliikataa kwa kweli, akasema bibi kula wewe. Bibi hakusikia hilo.

Dada akauliza, taratibu, tena akamsogelea karibu: "Bibi, tumeambiwa mjukuu amekuacha. Ni kweli?" Mama Tumaini anasema dada alikuwa anamsukumia jibu mdomoni, kama unavyomlisha mtoto. Aseme ndiyo tu.

Bibi akanyoosha kidole kwenye koti langu msumarini. Akasema, "Aliyeachwa na watu wake huzikwa na serikali. Mimi nina mtu. Amekwenda kunitafutia mchele. Anarudi."

Basi.

Kaka wa simu kabonyeza. Dada alimshika Bibi mkono muda mrefu, wakaondoka.

Nimebeba magunia hadi giza. Nimeparuza bega lote. Nilitaka kuchukia. Nimejaribu kumchukia Bibi, dada, simu, Madibira. Kila nikianza naona anatambaa na yule kuku.

Jumatano, 2 Julai

Nimerudi jana na mchele. Ule mchele aliosema.

Vidole viwili vimekuwa vyeusi. Weusi huo unapanda. Bibi ana homa, ananiita kwa jina la mama yangu. Nilipomfungua kitambaa nilitoka nje nikatapika nyuma ya kibanda, mimi Greda. Kuku kishingo alikuwa ananitazama.

Nilimtoa usiku uleule. Nilisimama katikati ya lami, nikafungua mikono. Semi la Wazambia limefunga breki hadi tairi zikatoa moshi. Dereva alinitukana kwa lugha yake. Alipomwona Bibi akafungua mlango. Katufikisha Mbeya mapambazuko, hadi getini, na lile dude lake lote refu.

Daktari ni yuleyule. Safari hii hakuuliza tulikuwa wapi.

Jumamosi, 5 Julai

Wamekata chini ya goti.

Waliniita kuweka sahihi. Msaidizi mwenye nguvu. Niliandika jina langu kwa mwandiko wa kuku, Lusungu, nikakaa kwenye benchi. Sikulia. Nililia baadaye, chooni, maji ya bomba yakiwa wazi.

Alipoamka aliniuliza kama yule dereva wa semi alikula. Nikasema sijui. Akasema nilipaswa kujua.

Jumamosi, 12 Julai

Bado wodini. Anajifunza kukaa. Muuguzi anamsifu, Bibi anapenda sifa kama mimi, tumetoka ukoo mmoja. Anamwambia kila mtu kwamba mume wake anambeba kwa mkono mmoja. Jana akasema, "Sasa nimekuwa mwepesi, utaniringia." Wodi nzima ikacheka. Mimi nilitoka nje kidogo.

Mbeya kuna baridi kama kwetu. Nalala varanda na ndugu wengine wa wagonjwa. Mmoja wa Rungwe alitaka tushindane kunyanyua. Nikamwambia sina hamu. Alidhani namwogopa. Acha adhani.

Alhamisi, 24 Julai

Tuko nyumbani. Leo kaja dada wa ustawi, peke yake, bila kaka wa simu. Hakutanguliza taarifa. Nadhani alifanya makusudi ili asichinjiwe.

Kaleta kadi. Ya rangi ya bluu, imefunikwa nailoni, picha ya Bibi iliyopigwa wodini, hospitali ndiyo iliyopeleka jina. Ulemavu wa kudumu. Haikukaguliwa nyumba. Moja kwa moja, kama alivyosema yule baba wa karanga.

Nikacheka. Kicheko kibaya, hata mimi sikukipenda. Nikamuuliza dada, kwa hiyo bei ya kiti ni mguu? Mngesema toka mwanzo, tungekuja na shoka. Bibi akanikemea. Sikunyamaza. Nikasema gari linampeleka sasa kutibu nini? Kilichokuwa kinatibiwa kimechomwa moto Mbeya.

Dada hakukasirika. Nilitaka akasirike. Akasema kuna kliniki ya kovu, kuna sukari yenyewe, kuna mguu wa bandia, kuna ule mwingine wa kulinda. Akasema vifungu hakutunga yeye, yeye anapeleka tu majibu, na mara ya pili aliandika maoni yake pembeni, marefu, lakini simu haina nafasi ya maoni, ina nafasi ya ndiyo na hapana.

Halafu akasema, kwa sauti ya chini, "Firigisi ile sijaisahau, kaka yangu. Mara zote mbili."

Nikamsogezea ndoo akae. Mimi!

Akasoma masharti. Kila Jumanne, asubuhi, barabarani. Mgonjwa aje na msindikizaji mwenye nguvu. Akaniangalia. Akaandika jina langu. Nikamwambia si mimi ndiye niliyemkosesha? Akasema kwenye dirisha hili unaruhusiwa.

Bibi muda wote anapiga kelele nimkamate kuku kishingo. Dada kakimbia. Kakimbia kabisa, na viatu vyake vya tope, anapunga mkono. Bibi kakasirika, anasema mgeni ameondoka kavu, ni aibu ya mwaka.

Jumanne, 29 Julai

Nimeamka, Bibi ameshaamka. Amekaa jikoni kwenye mkeka, amemnyonyoa kishingo. Sijui alimkamata vipi. Sikuuliza. Sikugomba. Nilichochea moto.

Kaweka kwenye hotipoti, kafunga na khanga. Nimembeba hadi barabarani. Kweli amekuwa mwepesi. Hotipoti ndiyo nzito.

Umande umeganda kwenye nyasi. Gari jeupe limekuja kwa wakati. Dereva ni yule wa Mei. Katutambua. Kaitazama kadi, kautazama mguu, hakusema pole. Kashuka, kamshika Bibi upande mmoja, mimi upande mwingine. Kiti cha dirishani. Viti vingine vitatu vitupu.

Tulipopita Makambako dereva akasimamisha kidogo. Bibi akafungua khanga. Harufu ikajaa gari zima. Akamwita dereva, mwanangu, njoo ule. Dereva akakataa kwa heshima. Hawaruhusiwi kupokea kitu cha mgonjwa. Imeandikwa juu ya kioo. Akatuonyesha.

Bibi akashika kijiko muda. Wagonjwa wengine wakapewa mapaja na mabawa. Hao hawakuandikiwa kitu. Mama mmoja wa Mafinga alisema hajala kuku huyu mtamu tangu Pasaka.

Firigisi ikabaki peke yake kwenye mchuzi.

Akaiokota kwa vidole. Akanishika mkono, akaiweka kiganjani, akanifunga vidole. Hakusema mume wangu. Akageuka kuangalia nje, tambarare ya Usangu inaanza, jua linatoka.

Ni ngumu kidogo. Hakuipika ikaiva vizuri, alikuwa na haraka. Nimeitafuna polepole hadi Chimala.

Ilikuwa na chumvi ya kutosha.